Kukumbuka na Kukumbushana: Niliyojifunza kwa Kutafakari Pamoja na Wenzangu

Kwa karibu miaka miwili nilitafakari peke yangu, na lau ningeulizwa wakati huo, ningejibu bila kusita kwamba nafanya hivyo kila siku. Hali halisi ilikuwa nyingine. Nilikuwa nikikaa siku nne au tano mfululizo na kujiona nimepiga hatua, kisha asubuhi moja nachelewa kuamka, na wiki mbili zinapita kabla sijaukumbuka tena mto wangu wa kukalia. Nilipojiunga na kikundi cha watu sita waliokuwa wakikutana jioni moja kila wiki, niliulizwa mwishoni mwa kikao cha pili nimekaa mara ngapi tangu tulipoonana. Nilijibu kwamba nimekaa mara moja. Hakuna aliyenilaumu wala kunipa pole; aliyefuata alisema yeye hakukaa kabisa, na zamu ikaendelea. Lile lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kuhusu zoezi hili, kwa maana hata mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujipa jibu kama hilo.

Lugha yetu inatupa neno tafakuri, na neno hilo lina mtego wake. Mtu akiambiwa atafakari, hutafuta jambo la kulitafakari: deni, ugomvi wa jana, mipango ya kesho. Wengine husema tahajudi, neno ambalo kwa Mwislamu ni sala ya usiku, na wengine husema meditesheni ili kuepuka utata wote. Zoezi ninalolizungumzia hapa, ambalo nitaliita uzingativu, halimtaki mtu afikirie jambo lolote. Linamtaka aelekeze umakini wake mahali pamoja, mara nyingi kwenye pumzi, atambue umakini huo unapotoroka, kisha aurudishe bila kujikemea. Neno linalotumika katika mafundisho ya kale ya Kibudha, kwa Kipali, lugha ya kale ya India, ni sati, na maana yake ya asili ni kukumbuka. Maana hiyo ilinisaidia kuliko maelezo mengi marefu niliyowahi kusoma, kwa sababu iliniondolea dhana kwamba akili ikizurura nimeshindwa. Akili huzurura kwa kila mtu. Linalofanyiwa mazoezi ni ule wakati wa kukumbuka na kurudi.

Sasa, kusahau kuko kwa namna mbili. Kuna kusahau pumzi ukiwa umekaa, na hapo hakuna awezaye kukusaidia, hata kama umezungukwa na watu hamsini. Kuna pia kusahau kukaa kwenyewe, yaani zoezi zima likaponyoka maishani mwako bila wewe kuamua kuliacha. Dhidi ya kusahau huku kwa pili, sijaona dawa inayoshinda wenzako. Katika maandiko ya Kibudha kuna simulizi ya Ananda, mwanafunzi wa Buddha, aliyesema kwamba urafiki mwema ni nusu ya maisha ya kiroho, naye akasahihishwa kwamba si nusu, bali ni maisha hayo yote. Zamani nililiona jibu hilo kuwa la kutia chumvi. Siku hizi nalisoma kama maelezo ya kawaida ya jinsi mazoea yanavyodumu.

Hata walioliingiza zoezi hili hospitalini walilijenga juu ya vikundi. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mwaka 1979 mpango wake wa kupunguza msongo wa mawazo katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, wagonjwa walikutana pamoja mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 8, wakakaa siku nzima ya ukimya karibu na mwisho wa kozi, na katikati ya vikao wakafanya mazoezi ya nyumbani ya takribani dakika 45 kwa siku. Mgawanyo huo una funzo: sehemu kubwa ya kazi hufanywa ukiwa peke yako, ila kuna watu watakaokuuliza habari zake.

Ukitaka kuanzisha kikundi, usianze na wengi. Watu wanne hadi wanane wanatosha, siku na saa zisibadilike, na kikao kianze kwa wakati hata kama waliofika ni wawili. Mmoja awe mshika kengele na mshika saa, na kazi hiyo izunguke, kwa kuwa nimeona vikundi ambamo mshika kengele wa kudumu aligeuka kuwa mwalimu bila mtu yeyote kumchagua. Dakika 20 za kukaa zinatosha kwa kuanzia. Anayetaka kiti apewe kiti. Maumivu ya magoti si alama ya uchaji. Mkiweza, fuatisheni matembezi ya polepole, ambayo watu wa Zen, moja ya madhehebu ya Kibudha, huyafanya kati ya vipindi vya kukaa na kuyaita kinhin, maana miguu iliyokufa ganzi huvuruga kipindi cha pili kuliko mawazo.

Lililo gumu ni mazungumzo yanayofuata ukimya, na hapa ndipo nilipokosea vibaya. Mwenzetu mmoja alieleza kwamba kila akifumba macho anaiona sura ya ndugu yake aliyefariki, kisha kifua kinambana. Mimi, niliyekuwa nimesoma vitabu viwili vitatu, nilimshauri avumilie na aendelee kuitazama huzuni hiyo mpaka iishe yenyewe. Hakurudi wiki iliyofuata. Baadaye aliniambia, kwa upole nisioustahili, kwamba alikuwa anahitaji kusikilizwa tu, na kwamba ushauri wangu ulimfanya ajione hana bidii. Tangu hapo kikundi chetu kilikubaliana kwamba kila mtu atasema yaliyomtokea yeye, kwa ufupi, na mwingine hatajibu, hatafafanua wala kushauri isipokuwa ameombwa. Tuliongeza kwamba yasemwayo pale hayatoki nje. Mwanzoni utaratibu huo ulionekana mkavu, kama baraza la kusomeana ripoti, lakini baada ya muda watu walianza kusema mambo ambayo hawakuwahi kuyasema, pengine kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisubiri kuyatengeneza.

Jambo hilo lina upande mzito zaidi. Mwaka 2017 watafiti Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu matatizo waliyokutana nayo watu wa nchi za Magharibi wanaofuata mazoezi ya Kibudha, na miongoni mwake yalikuwamo hofu, mabadiliko ya usingizi na kubadilika kwa namna mtu anavyojihisi nafsi yake. Kwa hiyo kila mtu aruhusiwe kufumbua macho, kubadili mkao au kutoka nje bila kutoa sababu. Anayekosa usingizi au kuzidiwa na hofu kwa siku kadhaa apunguze au asimamishe mazoezi na amwone mtaalamu wa afya ya akili. Marafiki sita wenye kengele hawawezi kuwa kliniki, na ni hatari wakijidhania kuwa wanaweza. Vilevile, ukiona kiongozi hawezi kuulizwa maswali, anakutaka ujitenge na jamaa zako au anaongeza michango kila unapotaka kujua zaidi, ondoka mapema. Hilo halihitaji kutafakariwa.

Jaribu jingine ni la kujilinganisha. Nilikuwa nikifumbua jicho moja kuangalia nani ametulia kama jiwe, na nilipomwona mmoja aliyekaa wima bila kutikisika kwa nusu saa, nilimwonea wivu kwa miezi. Siku moja alikiri kwenye zamu yake kwamba muda mwingi huwa anasinzia. Tulicheka sana, naye alicheka kuliko sisi.

Katika kikundi chetu mmoja alifuata pumzi, mwingine alitumia njia iliyoenezwa na mtawa wa Kibudha Mahasi Sayadaw wa Burma ya kutaja kimoyomoyo kila kinachojitokeza, na mwingine alirudia maneno ya kuwatakia wengine heri. Tulibishana kuhusu njia iliyo bora hadi tukachoka, kisha tukaacha. Ninachoweza kumshauri anayeanza ni achague njia moja na akae nayo miezi miwili au mitatu, kwa sababu anayebadili njia kila wiki hujifunza tu kuanza. Kuonja desturi nyingine hakukatazwi. Katika kozi za siku 10 zinazofuata mafundisho ya S. N. Goenka, mwalimu wa kutafakari, wanafunzi hawazungumzi wao kwa wao wala kuashiriana, ilhali katika Plum Village, makazi ambayo Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, aliyaanzisha Ufaransa mwaka 1982, kengele ikilia kila mtu husimamisha alichokuwa akikifanya, akapumua, kisha akaendelea. Hiyo ya pili tuliiga: anayesikia simu ikiita huvuta pumzi moja kabla ya kuipokea.

Kikundi kile cha kwanza kilivunjika baada ya wanachama watatu kuhama. Mmoja wao nami tulikubaliana kutumiana neno moja kila asubuhi baada ya zoezi: "Nimekaa." Hatuongezi maelezo wala hatupongezani, na neno lisipofika hadi adhuhuri, mwingine huuliza. Wiki iliyopita ni langu ambalo halikufika. Niliulizwa saa sita na robo, nikafunga mlango, nikakaa, na saa saba kasorobo nikajibu.