Isakinishwe, iwe imesakinishwa, au iwepo tu?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Natunza kompyuta za maabara ya chuo hapa Kampala, na nimewaandikia vijana wangu mwongozo wa Ansible, programu inayopanga kompyuta nyingi kwa pamoja kwa kufuata faili moja, kwa Kiswahili. Niliandika "nginx isakinishwe kwenye seva zote" (nginx ni programu ya kuhudumia tovuti). Mmoja akauliza: tukiendesha faili mara ya pili, itasakinishwa upya? Nimekosea wapi? Halafu neno "kifurushi" linawachekesha; wao wanajua kifurushi cha data tu. (Msomaji, Ntinda)

JIBU: Huyo kijana mnunulie soda. Sarufi yako haina kosa, ila "isakinishwe" inaagiza tendo, na Ansible haiagizwi tendo.

Chukua askari wa getini. Ukimwambia "geti lifungwe", unamtaka ainuke akafunge. Ukimwambia "nikirudi nikute geti limefungwa", naye akaona limeshafungwa, atabaki kitini na hajakukaidi. Ansible ni huyo askari wa pili. Kwenye faili unaandika hali unayoitaka, state: present (hali: ipo), nayo inakagua kwanza. Nginx haipo, inaiweka. Ipo, haigusi kitu, na mwishoni utaona changed=0, yaani hakuna kilichobadilishwa. Puppet nayo, chombo kingine cha kazi hiyo kilichoanza mwaka 2005, hufanya vivyo hivyo.

Kiswahili kina kiambishi cha kazi hiyo hasa: -me-, kinachoonyesha hali iliyobaki baada ya tendo kwisha. Kwa hiyo "nginx iwe imesakinishwa" ni sahihi, ingawa ni ndefu na inachosha ikirudiwa katika mistari hamsini. Mimi ningeandika "nginx iwepo". Na pale penye absent, "isiwepo". Ni neno moja tu, na linashinda "iondolewe", ambayo ingeturudisha kulekule kwenye tendo. Penye latest andika "iwe ya toleo jipya kabisa". Usiitupe "sakinisha", lakini: unapomweleza mtu aandike mwenyewe amri ya apt install, hapo ni tendo, mwambie "sakinisha nginx" bila wasiwasi. Neno hili limetokana na sakini, yaani kukaa mahali, nalo ni ndugu wa maskani. Unaipa programu makao.

Kuhusu kifurushi, wacheke tu, watazoea. Andika "kifurushi cha programu" mara ya kwanza, kisha "kifurushi" peke yake. Usikubali kukibadilisha kiwe "programu", maana ni vitu viwili: kifurushi ni bunda la faili linaloibeba programu hadi kwenye mashine. Apache, ya kuhudumia tovuti kama nginx, ni programu moja, lakini kwenye mfumo wa Linux wa Ubuntu kifurushi chake kinaitwa apache2, na kwenye ule wa Red Hat kinaitwa httpd. Mwanafunzi asiyetofautisha ataandika jina la Ubuntu kwenye seva ya Red Hat, kazi ikwame, aanze kuilaumu intaneti. Chunga na upatanisho: programu iwepo, kifurushi kiwepo, vifurushi viwepo. Tena usichanganye usakinishaji na usanidi. Ansible ni chombo cha kusimamia usanidi, yaani namna mashine inavyopangwa kwa jumla. Kusakinisha ni sehemu yake moja tu.

Mazungumzoni mafundi wa Kampala husema "kuinstoli", nami sina ugomvi nao. Ninachokiogopa ni kingine. Nimeshasoma kazi ya mwanafunzi aliyefikiri kwa Luganda, ambako okuteeka ni kuweka, akaniandikia kwa Kiswahili: "Baada ya hapo, teka programu kwenye seva." Kwetu kuteka ni kuchota maji kisimani, au kumkamata mtu na kuondoka naye. Kama vijana wako ni Waganda, pitia mwongozo mzima ukilitafuta hilo neno.