Shangazi, je, mtu anaweza kunaswa ndotoni asirudi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 23, mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Bibi yangu aliyenilea Korogwe alifariki mwaka jana nikiwa katikati ya mitihani, kwa hiyo mimi na mdogo wangu hatukuwahi mazishi. Miezi mitatu iliyopita nilisoma kwamba mtu anaweza kujifunza kutambua, akiwa ndani ya ndoto, kwamba anaota, kisha akafanya anachotaka. Nilitaka nimwone bibi. Nikawa naweka kengele ya simu saa tisa usiku, naamka kidogo, kisha narudi kulala nikijiambia kwamba safari hii nitajua naota. Ikawa kweli. Nilijikuta nyumbani kwake, naye ameketi jikoni, hasemi neno. Nilipotaka kutoka, mlango wa uani, ambao miaka yote haukuwa na komeo, ulikuwa umefungwa. Nikapiga kelele, nikaamka hosteli, nikaenda kunawa uso, na nilipojitazama kwenye kioo nikagundua kuwa bado naota. Niliamka hivyo mara nne kabla ya kuamka kweli, na hapo mwili ukawa hausogei. Nilihisi nimekaa humo siku nzima. Imetokea tena mara tatu. Mama mdogo anasema marehemu ananiita, na siku nikiitika sitarudi. Sasa nakunywa kahawa hadi usiku wa manane, nalala taa ikiwaka, na mchana najifinya ili nijue kama niko macho. Je, mtu anaweza kubaki ndani ya ndoto? Naogopa nitaingia kwenye koma.

Mwenye Hofu, Dodoma

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba, maana naona bado uko nao.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa najua hutayasoma mengine kwa utulivu kabla sijalijibu. Hapana, mtu habaki ndani ya ndoto. Koma ni jambo jingine kabisa: hutokana na ubongo kudhurika au kukosa unachohitaji, kwa mfano mtu anapoumia kichwa, anapopata kiharusi, malaria inapopanda kichwani au sukari inaposhuka mno. Ndoto si mlango wa kuingilia huko, iwe ya kujitambua au ya kawaida.

Ndoto kama zako huja zaidi katika kile kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, kipindi ambacho Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikieleza mwaka 1953. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi usiku kucha. Cha kwanza huchukua dakika chache tu, lakini vya karibu na alfajiri huwa virefu, na kimoja kinaweza kufika nusu saa au kuzidi. Kwa kuweka kengele saa tisa usiku ulikuwa unajiamsha na kurudi kulala wakati ule ule ambao ndoto huwa nyingi na nzito kuliko wakati mwingine wowote, na ndiyo sababu mbinu hiyo ilikubali upesi. Hata hivyo kipindi hicho kina mwisho wake, na mwili hukifunga wenyewe bila kumwuliza mwotaji. Watu wanaozipenda ndoto hizi na kuzitafuta kwa makusudi hulalamika kinyume cha malalamiko yako: wanasema zinawaponyoka, kwamba wakifurahi kidogo tu wameshaamka.

Kuhusu ile siku nzima uliyohisi umekaa humo, Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaomba waotaji wa namna yako wahesabu sekunde kumi ndani ya ndoto na kutoa ishara kwa macho mwanzoni na mwishoni, na muda waliotumia ukakaribiana na ule ambao mtu aliye macho hutumia kuhesabu. Ndoto hurefuka kwa kuruka mambo, kama filamu inayomwonyesha bwana harusi akifunga mkanda nyumbani na mara hiyo hiyo yuko ukumbini. Wewe uliyaunganisha mapande hayo ukapata siku nzima, lakini kwa saa ya ukutani huenda zilikuwa dakika chache.

Huenda ukajiuliza kwa nini ishara zilitolewa kwa macho. Njia hiyo ilianza kufanya kazi Aprili 1975 katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, ambako Alan Worsley, akiwa amelala fofofo, aliyapeleka macho kushoto na kulia kama alivyokuwa amekubaliana na mtafiti Keith Hearne, na mashine ikaandika. Katika kipindi hicho cha usingizi misuli karibu yote hulegezwa ili tusirushe mateke tunapoota tunakimbia, lakini macho na misuli ya kupumulia huachwa huru. Sasa unaweza kuelewa kilichokupata ulipoamka ukashindwa kusogea: akili ilitangulia kuamka na ule ulegevu ukachelewa kuondoka. Wakubwa wetu waliita hali hiyo kukabwa na jinamizi, nami lilinikaba mara mbili nikiwa shule ya bweni, mara zote nikiwa nimelala chali. Waliokuwa watu wazima Unguja na Pemba mwaka 1995 wanakumbuka hofu ya Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku vitandani, ilivyowatoa watu vyumbani wakalala nje kwa makundi, na wapo watafiti waliozihusisha baadhi ya simulizi zile na hali hii hii. Hofu ilikuwa ya kweli, na wala siwacheki. Nakueleza ili ujue kwamba hukuanza wewe.

Kuamka mara nne ukiwa bado unaota nako kunajulikana, na huwapata zaidi watu wanaolala huku wakiwa na shauku ya kuamka. Ubongo uliokwishazoea kukuona ukinyanyuka, ukivaa kandambili na kwenda kunawa, huliota zoezi hilo hilo. Kadiri ulivyozidi kutaka kutoka ndivyo ulivyozidi kuota unatoka.

Kwa hiyo ukijikuta humo tena, acha kuutafuta mlango. Usipige kelele wala usikimbie. Keti au lala pale pale ulipo ndotoni, yafumbe macho yako ya ndotoni, vuta pumzi ndefu na uitoe polepole, kisha jiambie kwamba unaota na kwamba itaisha. Ama utaamka, ama ndoto itageuka kuwa nyingine, ama utazama katika usingizi usio na picha, na yote matatu ni salama. Mwili ukigoma kusogea, usipambane na kifua wala miguu. Endelea na pumzi, chezesha macho, kisha jaribu ncha ya kidole kimoja tu. Na ulale ubavu. Waislamu wamefundishwa tangu zamani kwamba aliyeota ndoto mbaya ajikinge kwa Mola wake na ageukie upande mwingine, na kwa mtu anayebanwa akiwa chali huo ni ushauri mzuri hata kitabibu. Kama wewe ni Mkristo, sali kwa namna ya kwenu, ila uifanye sala iwe fupi na ya kukutuliza, isiwe ya kupigana vita usiku kucha.

Kahawa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ndoto yenyewe. Kikombe cha saa nne usiku, takriban nusu ya kafeini yake bado iko mwilini saa tisa. Unakesha, na usiku unaofuata mwili unadai usingizi wa ndoto ulionyimwa, na unapolipwa hulipwa kwa ndoto nzito zaidi ya zile ulizozikimbia. Acha kengele ya saa tisa, acha kahawa baada ya saa nane mchana, lala saa ile ile kila siku, uzime taa au uibadilishe na taa hafifu. Kujifinya mchana nako kukome. Wanaofundisha mbinu hizi husisitiza mtu ajipime mara kwa mara kama yuko macho. Kwa mtu aliyelala vizuri huo ni mchezo usio na madhara makubwa, lakini kwa mtu mwenye hofu na usingizi pungufu humfanya aanze kuuona hata mchana kama njozi, na hapo ndipo ulipofika. Ukishikwa na shaka, gusa kitu kilicho karibu nawe na uendelee na kazi uliyokuwa ukiifanya, bila kupima chochote.

Kuna zoezi moja la mchana ambalo nalipenda kwa sababu halikudai ushujaa. Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti kuhusu wanawake waliosumbuliwa na ndoto za kutisha baada ya kudhulumiwa kingono, na wakaona kwamba kuiandika upya ndoto mchana, kwa namna yoyote apendayo mwotaji, kisha kuipitia akilini kila siku, hupunguza makali yake. Chukua daftari na uiandike ya kwako: jiko lile lile, bibi yule yule, ila mambo yaende utakavyo. Ipitie kwa dakika 10 au 20 kila siku, ukiwa umeketi na kuna mwanga.

Nisipolitaja la mama mdogo nitakuwa nimelikwepa. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba marehemu akikuita ndotoni usiitike, na akikupa chakula usile. Simlaumu, anakuogopea, na katika lugha aliyorithi hivyo ndivyo mtu anavyosema kwamba anakuogopea. Lakini soma tena barua yako, mwanangu. Katika ndoto uliyoieleza bibi hakukuita. Wewe ndiye uliyemwendea, kwa kengele, kila usiku, kwa sababu hukupata nafasi ya kumuaga. Naomba uniwie radhi nikikosea, lakini nadhani mlango ule ulifungwa na mtu ambaye nusu yake hakutaka kuondoka, na nusu nyingine ilijiona ina hatia ya kumwacha bibi peke yake kwa mara ya pili. Ulikuwa kwenye mitihani. Bibi aliyekulea angekuwa wa kwanza kukwambia uimalize.

Yapo mambo ambayo safu hii haiyawezi. Kama kuna dawa unazotumia, mwulize daktari wako, kwani baadhi, zikiwemo mefloquine ya malaria, efavirenz ya VVU na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, huchochea ndoto nzito. Usiiache yoyote kwa uamuzi wako. Kama mchana unazidiwa na usingizi ghafla, au magoti yanalegea unapocheka, sema hivyo hospitalini. Na kama baada ya wiki mbili za kulala vizuri mchana bado unauona kama njozi, au ukapata wazo la kujidhuru hata leo, usingoje. Uko Dodoma, na najua jina la hospitali ya Mirembe limegeuzwa tusi mitaani. Wale ni wataalamu wa afya ya akili, na wasiwasi wa usingizi ni sehemu ya kazi yao kama malaria ilivyo kazi ya zahanati.

Muhula ukifungwa, nenda Korogwe na mdogo wako, maana naye hakuzika. Mwombeni mama mdogo awapeleke kaburini, na mseme mliyotaka kuyasema kwa sauti, hata kama mtalia. Kisha laleni usiku mmoja nyumbani kwa bibi. Asubuhi, kabla ya chai, nenda uani ukaufungue ule mlango usio na komeo kwa mkono wako.