Maswali ya Wasomaji: Kijiwe cha kijani, ditekta inayolia ovyo na magadi yaliyoyeyuka

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimepata kitu, ni nini? Tumeanza na ile iliyoambatana na pesa.

Kuna kijana ameniuzia kijiwe cha kijani, gramu 4, hakijachongwa. Anaapa ni tsavoraiti aliyoiokota milima ya Ngong. Nitajuaje kama si chupa iliyovunjwa? Nyumbani nina mizani ya kupimia unga tu. — Msomaji, Umoja

Anza na Ngong yenyewe. Milima ile ni mabaki ya volkano, na mawe yake ni basalti, yaani jiwe jeusi la lava iliyoganda, na jamaa zake. Tsavoraiti ni kito cha kijani cha jamii ya ganeti. Huzaliwa ndani ya miamba mikongwe iliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini, hasa ile yenye grafaiti, ule weusi wa kwenye penseli, kama ya Taita Taveta na Kwale. Kwa hiyo kijana ama amekosea jiwe, ama amekosea mlima. Huenda vyote viwili.

Rangi isikushawishi, kwa kuwa kioo hutiwa rangi yoyote. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 unaweza kuona viputo vya mviringo au mawimbi kama ya asali iliyokorogwa. Hiyo ni chupa. Ila kioo kizuri hakina viputo, kwa hiyo usipoviona hujathibitisha lolote. Hata kifaa cha masonara cha vioo viwili vya polaroidi hakitakufaa sana hapa, kwa sababu kioo na ganeti hupitisha mwanga kwa namna moja.

Kinachotenga kioo na ganeti ni uzito wao ukilinganishwa na maji. Mizani ya unga haitatosha. Azima ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Kisha weka bilauri ndogo ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote, lining'inie bila kugusa chini wala kando. Namba utakayoiona ndiyo ujazo wa jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Jiwe lako la gramu 4.00 likisoma 1.11 ndani ya maji, jibu ni 3.6, na hapo tsavoraiti inawezekana. Likisoma 1.60, jibu ni 2.5, na hicho ni kioo. Mawe mengine yanayoweza kuwa ya kijani: zumaridi hukaa karibu na 2.7, turmalini 3.1, floraiti 3.2. Ukipata 4.5 au zaidi ya 5.5, shuku jiwe la kiwandani.

Makosa ni mawili. Viputo vya hewa vinavyoshika jiwe huongeza ujazo na kushusha jibu. Tia tone moja la sabuni ya vyombo majini na ulitikise jiwe. La pili, jiwe likigusa chini, mizani inabeba uzito wake wote na jibu linakuwa 1. Watu wengi hutupa jiwe zuri kwa kosa hili. Na kama jiwe lina gramu 1 tu, mizani inayosoma hadi 0.1 haifai kabisa: tsavoraiti itasoma 0.3 na kioo 0.4, na tofauti hiyo ni ya kubahatisha.

Mara nyingine muulize muuzaji leseni yake. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, biashara ya madini inahitaji leseni, na risiti yake ndiyo itakayokuokoa ukiulizwa jiwe ulilitoa wapi.

Nilinunua ditekta ya mtumba, ile mashine ya kutafutia metali ardhini. Katika shamba la guka huko Kikuyu, kwenye udongo mwekundu, inalia kila hatua. Nachimba, sipati kitu. Imeharibika? — Kijana wa Kinoo

Huenda ni nzima. Ipime kwanza mbali na udongo: iweke juu ya kiti cha plastiki nje ya nyumba, mbali na nyaya za umeme, zima simu, kisha pitisha sarafu ya kale ya senti 10, ile yenye tundu, mbele ya koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi. Ikilia vizuri sarafu ikiwa kwenye sentimita 15 hadi 20, mashine haina neno. Shida ni ardhi.

Udongo mwekundu wa Kikuyu umetokana na mawe ya volkano na umejaa chembe za oksaidi ya chuma. Koili inazisikia. Tafuta kwenye mashine yako kitufe au kirungu cha kusawazisha ardhi. Chagua mahali pasipo na chuma, inua na kushusha koili kati ya sentimita 5 na 30 juu ya ardhi, huku ukirekebisha hadi sauti isibadilike unapoishusha. Rudia kila rangi ya udongo inapobadilika, na baada ya mvua. Kisha punguza nguvu ya kunasa hadi kama theluthi mbili. Hili linawaudhi wengi, maana wanadhani nguvu zaidi ni kina zaidi; katika udongo huu ni kelele zaidi tu. Ikiwa mashine yako ni ya bei ya chini na haina usawazishaji huo, hakuna ujanja wa kuitibu. Ipeleke kwenye udongo mtulivu zaidi.

Kisha tazama mkono wako. Koili ilale sambamba na ardhi mwanzo hadi mwisho. Wengi huiinua pembeni kama wanaofyeka nyasi, na kila inapoinuka inalia. Sauti inayosikika ukienda upande mmoja tu huwa ni jiwe lenye chuma au msumari. Inayojirudia pande zote mbili, na tena ukigeuka robo duara, ndiyo ya kuchimbwa.

Kuhusu kichujio cha chuma, ukikiwasha kitanyamazisha misumari ya mabati, lakini pia shilingi moja ya siku hizi, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa nikeli. Hasara ndogo. Shilingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1920 na 1930, zenye simba, zina robo ya fedha na hazichujwi. Vizibo vya soda na karatasi za alumini vitaendelea kukusumbua. Hilo halina dawa.

Kata bonge la udongo kwa pande tatu, ulifunue kama kifuniko, ukimaliza ulirudishe. Na hata kama shamba ni la guka, mwombe ruhusa kabla ya kugusa mihogo yake.

Tumeokota jiwe jeusi zito Ruiru, sumaku inalishika. Jirani anasema ni kimondo kama kile cha Thika. — Mama Njeri

Kimondo cha Thika kilianguka kweli, tarehe 16 Julai 2011, na ndiyo maana kila jiwe jeusi upande ule limekuwa kimondo. Sumaku haitoshi, mama. Basalti nyingi huvutwa nayo, na taka za tanuri za chuma pia.

Tazama matundu: mawe ya vimondo karibu hayana viputo, taka za tanuri zimejaa. Kisha lisugue kwenye mgongo wa taili, upande usiong'aa. Mchirizi mwekundu ni hematiti, mweusi ni magnetiti; yote ni madini ya chuma ya hapahapa duniani. Kimondo kilichoanguka karibuni huacha alama hafifu au kisiache kabisa. Bado una shaka? Piga tupa kona moja ndogo. Vikionekana vijichembe vya chuma vinavyometa ndani ya jiwe la kijivu, lifunge kwa karatasi kavu, uwaonyeshe wanajiolojia wa chuo kikuu. Usilibandikie sumaku kali ya spika, kwani inafuta kumbukumbu ya usumaku ambayo wataalamu huipima.

Wanafunzi wangu wanaweza kukusanya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, Naivasha na mawe ya kale Olorgesailie? — Mwalimu, Eastleigh

Olorgesailie, hapana, hata kipande. Zile shoka za mawe za watu wa kale zilizopo pale ni urithi wa taifa, na chini ya sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 anayekuta kitu cha kale mahali popote ana siku saba za kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa. Hell's Gate, huko Naivasha, nayo ni hifadhi, kwa hiyo usiondoe kitu. Nje ya hifadhi, mwombe mwenye shamba vipande vya kufundishia darasani. Obsidiani hukata kama wembe: glavu, na miwani kwa yeyote atakayeigonga. Kila kipande kiandikiwe mahali na tarehe siku hiyohiyo, la sivyo muhula ujao kitakuwa kokoto tu.

Niliosha fuwele nzuri ya magadi kutoka Ziwa Magadi, asubuhi nikakuta maji matupu kwenye beseni. — Msomaji, Rongai

Magadi huyeyuka majini, ndugu. Mengine ya aina hiyo safisha kwa brashi kavu ya meno, kisha yafungie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Maji ya beseni yaache yakauke polepole kivulini. Utapata fuwele mpya, ingawa ndogo kuliko ile.