Kusafiri nje wakati wa korona: hesabu saa zako kabla ya kulipia tiketi

Wakati wa korona nilikuwa naulizwa sana kuhusu safari za nje, hasa na ndugu wenye watoto waliokwenda kusoma Ulaya au wenye wagonjwa wa kupeleka India. Kweli mwaka 2022 masharti yalianza kulegea. Tarehe 17 Machi 2022 Tanzania iliacha kumdai msafiri aliyekamilisha chanjo kipimo cha PCR, yaani kile cha maabara cha kutafuta virusi kwa kijiti cha puani, na siku iliyofuata Uingereza ikafuta masharti yake yote ya korona mpakani. Lakini wakati huo Marekani ilikuwa bado inamtaka mgeni awe amechanjwa na awe na kipimo cha siku moja kabla ya kuondoka, na nchi nyingine kila moja ilikuwa na lake. Mwaka 2021 nilitoka Uingereza kwenda Tanga kumuuguza baba, kisha nikarudi. Niliyoyaona huko yamenionyesha kwamba kinachomkwamisha msafiri mara nyingi si ugonjwa wenyewe. Ni saa, majina na njia anayopita.

Nianze na saa, maana hapo ndipo watu walipoumia zaidi. Kadi ya homa ya manjano tumeizoea: unachanjwa mara moja, kadi inakaa ndani ya paspoti maisha yako yote. Cheti cha PCR kilikuwa kama maziwa mabichi, kilianza kuharibika tangu kilipotoka. Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dar es Salaam Jumatatu saa 11 alfajiri, na nchi unayokwenda inataka kipimo cha ndani ya saa 72. Rudi nyuma saa hizo uone zinaishia wapi: Ijumaa saa 11 alfajiri. Sampuli iliyochukuliwa Alhamisi jioni haikufai, hata kama majibu yametoka Jumamosi, kwa sababu nchi nyingi zilihesabu tangu kijiti kilipoingia puani, si tangu karatasi ilipochapishwa. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi ndiyo nafasi yako. Majibu yakichukua siku moja au mbili, yanakufikia Jumamosi au Jumapili, na Jumapili hiyo ukigundua herufi moja ya jina imekosewa, nani atakurekebishia? Aliye mkoani ana mzigo zaidi, kwa kuwa anapaswa kupanga na siku za basi na mahali pa kulala Dar wakati anasubiri majibu.

Ndiyo maana nilimshauri kila aliyeniuliza asinunue tiketi ya Jumapili usiku wala ya Jumatatu alfajiri, hata ikiwa na bei nafuu. Tiketi ya Alhamisi inakupa siku za kazi kabla yake, na siku za kazi ndizo zenye watu wa kupokea simu.

Tena nchi hazikukubaliana saa zihesabiwe mpaka wapi. Nyingine zilihesabu mpaka unapopanda ndege ya kwanza, nyingine mpaka ndege ya mwisho, nyingine mpaka unapokanyaga nchi yao. Ukikaa saa nyingi uwanja wa kati, au ndege ikichelewa, cheti kinaweza kukufia njiani. Jiachie nafasi ya nusu siku na zaidi. Usijibane hadi saa ya 71.

Majina nayo si jambo dogo. Pale uwanja wa Julius Nyerere mbele yangu alikuwepo mama mmoja na binti yake. Mfanyakazi wa kaunta alipokea vyeti vyao, na wala hakuanza na majibu. Kidole chake kilishuka moja kwa moja kwenye mstari wa saa ya kuchukuliwa sampuli, akahesabu, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akakiweka cheti cha binti juu ya paspoti, akavisoma viwili kwa pamoja, neno kwa neno. "Mama, samahani. Hapa naona majina mawili, paspoti ina matatu." Mama akaeleza kwamba jina la tatu ni la babu, hata kwenye kitambulisho lipo. Haikusaidia. Ikabidi wapige simu, cheti kipya kikatumwa kwa barua pepe, wakaenda kutafuta pa kukichapisha. Walipanda ndege, lakini foleni nzima ilishaingia ndani, na yule mama alikuwa anatetemeka mikono.

Msimchukie mtu wa kaunta. Shirika likimsafirisha abiria asiyetimiza masharti linaweza kupigwa faini na kutakiwa kumrudisha kwa gharama yake, kwa hiyo mfanyakazi anafuata anachokiona kwenye mfumo wa Timatic wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ambamo masharti ya kila nchi yamo. Lako ni kufika ukiwa na karatasi zinazolingana. Unapojiandikisha kwa ajili ya kipimo, nakili majina kutoka ukurasa wa picha wa paspoti, yote, kwa mpangilio uleule, pamoja na namba ya paspoti. Fanya hivyo hivyo kwenye cheti cha chanjo. Kisha chapisha ukurasa wa masharti kutoka tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, siku ileile unayosafiri, kwa sababu yaliyoandikwa wiki iliyopita huenda yamebadilika. Msimbo wa QR wa cheti, ule mraba wa nukta unaosomwa na simu, uwe kwenye simu na kwenye karatasi. Simu huzima.

Sasa njia, ambayo watu huiacha mikononi mwa wakala wa tiketi. Uingereza iliiweka Tanzania kwenye orodha nyekundu Januari 2021 na kuitoa tarehe 11 Oktoba mwaka huohuo. Kati ya waliotoka nchi za orodha hiyo, raia wa Uingereza na wenye haki ya kuishi huko tu ndio walioruhusiwa kuingia, tena kwa kukaa karantini ya hoteli. Wengi wakadhani dawa ni kuzunguka. Lakini tazama ndege zetu zinapita wapi: Dubai iliingia kwenye orodha Januari hiyohiyo, Addis Ababa na Doha mwezi Machi, Nairobi Aprili, Istanbul Mei. Hata aliyepita Amsterdam hakuokoka, maana kilichoangaliwa ni nchi ulizokuwamo ndani ya siku 10 zilizotangulia. Watu wa Ghuba wana kisa chao. Oman ilisimamisha abiria kutoka Tanzania Februari 2021, na tarehe 25 Desemba Falme za Kiarabu zikawazuia wanaotoka Tanzania na Kenya mpaka mwishoni mwa Januari 2022. Fikiria aliyekuja likizo ya Krismasi na kibarua kinamsubiri Dubai.

Kwa hiyo chagua nchi ya kupitia kwa makini kama unavyochagua unakokwenda. Nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Tiketi mbili tofauti zinaonekana nafuu, lakini mara nyingi zinakulazimisha kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, yaani kuingia nchi ya watu, na hapo utadaiwa viza na masharti yao yote ya afya. Pia ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili huwezi kulidai wala halikujui. Kwenye tiketi moja wao ndio wanaotafuta namna ya kukufikisha.

Kuhusu hoteli ya karantini, niseme wazi kwamba ilinichosha kuliko nilivyotarajia. Mtu mzima mmoja alilipa pauni 1,750, zaidi ya shilingi milioni 5, na kuanzia tarehe 12 Agosti 2021 bei ikapanda hadi pauni 2,285. Humo kulikuwa na chumba, chakula, usafiri kutoka uwanjani, na vipimo vya siku ya 2 na ya 8. Chakula kiliachwa mlangoni ndani ya mfuko wa karatasi. Unasikia mlango ukigongwa, ukifungua aliyegonga ameshakwenda. Dirisha halikufunguka. Kutoka nje kupata hewa kulihitaji ruhusa na mlinzi wa kukusindikiza. Chumba cha jirani kulikuwa na familia yenye mtoto mdogo aliyelia karibu kila jioni, na hadi leo naona serikali iliyotoza pesa zile ingeweza kuwatafutia watoto mahali penye dirisha la kufunguka. Wewe ukijikuta kwenye hali kama ile popote duniani, beba tangawizi, majani ya chai na pilipili ya kusaga, maana birika la umeme huwa lipo lakini chakula hakina ladha. Beba na kazi ya mikono au kitabu kinene. Filamu za simu zinaisha hamu mapema.

Pesa ziandae kwa namna mbili. Kwanza kadi: malipo mengi ya safari hizi ni ya mtandaoni, kwa hiyo nenda benki wakufungulie malipo ya mtandaoni na wakupandishie kiwango mapema, usisubiri siku ya kulipa. Laini yako ya nyumbani iendelee kupokea ujumbe ukiwa nje, maana namba ya siri ya benki inakuja hukohuko. Pili, weka kando pesa za kukwama: malazi ya wiki mbili na kubadilisha tiketi. Uliza bima yako, kwa maandishi, kama inalipa ukipatikana na virusi na kulazimika kubaki. Na kama uliugua karibuni ukapona, beba barua ya daktari, kwa sababu PCR inaweza kuendelea kuonyesha virusi kwa wiki kadhaa wakati wewe huna ugonjwa tena.

Chanjo nitaigusa tu. Zilipoanza kutolewa Tanzania Julai 2021 ilikuwa Janssen, iliyotambuliwa sehemu nyingi. Waliochanjwa AstraZeneca iliyotengenezwa India, kama wengi wa Kenya, walipata tabu mwanzoni, kwa kuwa Umoja wa Ulaya haukuiweka kwenye cheti chake cha pamoja na kila nchi ikaamua kivyake. Soma jina la chanjo lilivyoandikwa kwenye masharti, lilinganishe na lililo kwenye cheti chako.

La mwisho ni zito. Nikiwa karantini alifariki shangazi yangu, dada yake baba. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Hakuna kipimo ambacho kingenifikisha, hata bila ile karantini. Wenye wazee nyumbani, zungumzeni sasa, kabla halijatokea: nani atashika simu ili walio mbali waone, pesa za mchango zitumwe kwa nani, na nani ana haki ya kuamua mazishi yasisubiri. Msimlaumu aliye mbali, na aliye mbali asikope ili akimbilie ndege ambayo haitamuwahisha. Mara nyingi ni bora apange kufika kwenye arobaini. Tiketi ya arobaini inanunuliwa kwa utulivu, kipimo kikidaiwa kinafanywa siku ya kazi, na mfiwa anapata mtu wa kukaa naye wakati wageni wengine wameshaondoka.