Kwa nini huyu atafutwe siku mbili, yule wiki nzima?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mjomba wetu alikuwa mvuvi, mtumbwi wake ulipinduka Ziwa Nyasa, mashariki ya Matema. Waokoaji walizamia siku mbili, wakasema kina kimewashinda, wakaondoka. Gari la mtu mwenye cheo lilipotumbukia mtoni huku huku Kyela, kazi ilikwenda wiki nzima na winchi ikaletwa toka mjini. Kuna kipimo cha kitaalamu, au ni cheo tu?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kipimo kipo, lakini hakifuti malalamiko yenu yote.

Mashariki ya Matema Milima ya Livingstone inaporomoka hadi ziwani, na ndani ya maji inaendelea kuporomoka. Ziwa Nyasa kwenye kina chake kikubwa linafika kama mita 700. Mzamiaji anayevuta hewa ya kawaida ya mtungi, akipita mita 30 hivi, naitrojeni huanza kumlevya. Na kadiri anavyokaa chini, ndivyo anavyolazimika kupanda polepole zaidi. Mwili uliozama kwenye maji mafupi yenye joto huibuka baada ya siku chache kwa sababu ya gesi za kuoza. Ukilala chini sana, uzito wa maji huzibana gesi hizo, na huenda usiibuke kabisa. Gari mtoni ni habari nyingine: liko mahali pamoja, unalifunga nyaya, unavuta. Mimi sitampeleka kijana mwenye watoto mita 80 chini kumfuata marehemu, awe mvuvi au waziri.

Fedha nazo zina upendeleo wake. Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwaka 2009 ilipatikana 2011 kwenye kina cha karibu mita 3,900, na miili 104 ikatolewa. Kilichowapeleka watafutaji kule chini hasa ni vinasa kumbukumbu, yaani vifaa vinavyohifadhi taarifa za safari ya ndege: watengenezaji na mashirika ya ndege walihitaji kujua chanzo. Miili ilipata lifti, tuseme hivyo. Mtumbwi hauna kinasa kumbukumbu, na hakuna kiwanda kinachosubiri jibu. Hata gari lililoteleza toka kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, na mama na bintiye ndani, lilitolewa tarehe 11 Oktoba nchi nzima ikiwa macho kwenye televisheni. Mjomba wenu hakuwa na kamera.

Kwa hiyo sidai kila marehemu atumiwe shilingi sawa, ziwa haliruhusu. Ninachodai ni sababu ya kusitisha iwe imeandikwa kabla ya ajali, na ielezwe kwa familia. Kuambiwa “kina kimetushinda” ufukweni, kwa mdomo, hakutoshi.

Andikeni barua kwa kamati ya maafa ya wilaya. Ombeni taarifa yenye idadi ya mizamio, kina kilichofikiwa, eneo lililopekuliwa na aliyeamua kusitisha. Mtaihitaji hata kwenye mirathi: bila mwili, mahakama huweza kuwasubirisha miaka kabla ya kumhesabu mtu amekufa.

Na waambieni wavuvi toka Matema hadi Itungi waangalie ufukwe kila alfajiri, hasa mwera, upepo wa kusini, ukivuma, maana unasukuma vinavyoelea kuja upande wetu. Wakiona kitu wasikivute kwa kamba. Wapige simu polisi kwanza.