Gemu ya chess ya Fischer ya 1956: kaa upande wa aliyepigwa

Jamani hii gemu ya Donald Byrne na Bobby Fischer, New York Oktoba 1956, ile mwandishi wa chess Hans Kmoch aliyoiita gemu ya karne, mimi nilishaipitia labda mara ishirini kwenye simu, nabonyeza tu kimshale, nikifika malkia anapotolewa kafara nasema duh, huyu Fischer dogo wa miaka 13, nafunga simu, naenda kucheza napigwa vilevile.

Kilichonisaidia ni kupanga kete kwenye ubao wa kweli (kitunda kimoja, zile kete ndogo za mbele, kilipotea zamani, kizibo cha soda ndo kinashika zamu) halafu nikakaa upande wa nyeupe, kwa Byrne aliyepigwa. Muvu nimeziandika kwenye daftari, nafunika na karatasi, natafuta yangu kwanza, naiandika na sababu yake, ndo nafunua.

Sasa muvu ya 11. Byrne anamsogeza tena askofu aliyeshamtoa, anampeleka g5 (herufi na namba ndo jina la kijumba kwenye ubao), na mfalme bado kakaa katikati hajaenda kujificha. Unajua mimi niliandika nini? Hiyohiyo, askofu g5! Nikajiona masta kabisa. Nafunua jibu la Fischer: farasi a4, pembeni kule, ukitaka unamla. Aisee nilikaa kama nusu saa nasogeza na kurudisha mpaka nikaona, ukimla huyo, farasi mwenzake anakula kitunda cha e4 na hapohapo anawatishia malkia wako pale c5 na yule askofu wa g5 kwa mpigo, na mstari wa mfalme ndo huo unafunguka. Byrne mwenyewe aliliona hilo, akakimbiza malkia a3, ila too late, wa kusogezwa alikuwa yule askofu mwingine, aende e2, mfalme apate njia ya kujificha.

Kwa hiyo kafara ya muvu ya 17 wanayoipigia makofi wote imeanzia huku. Na ukiwa nyeupe ukakataa kumla malkia, ukala askofu pale e6, farasi anakumaliza mfalme akiwa kabanwa na kete zake mwenyewe. Itafute kwenye ubao, sikuonyeshi.

Injini, ile programu ya kompyuta inayochambua gemu, usiwashe kabla hujamaliza, ikishakupa namba kichwa kinalala.

Mi baada ya hapo nilifukua gemu zangu tano za mwisho nilizopigwa. Tatu, mfalme yuko katikati, na mimi nahangaika na askofu yuleyule.