Kabla hujalipia hosti, uliza jina la tovuti litasajiliwa kwa nani

Dada yangu, umeuliza uchukue hosti (huduma ya kuiweka tovuti mtandaoni) ya bei chee au ile ya bei mbaya kwa tovuti ya duka lako la mafuta ya alizeti hapo Majengo. Kwa kurasa tano zenye picha za madumu na namba ya simu, hosti ya kuchangia seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, na wengine inakutosha kabisa. Anayekushawishi ulipie seva nzima anataka hela yako tu.

Mimi kilichoniumiza ni jina la tovuti, ile anwani wateja wanayoandika kuifungua. La kwangu la .co.tz, kijana aliyenitengenezea tovuti alilisajili kwa baruapepe yake. Mwaka ulipoisha na jina kutakiwa kulipiwa tena, kashahamia Mwanza, simu hapokei, na wateja wangu wa zabibu wakifungua wanakuta ukurasa mweupe. Wiki tatu nahangaika, tena msimu wenyewe! Jina lisajiliwe kwako, kwa baruapepe unayoifungua mwenyewe.

Halafu uliza bei ya mwaka wa pili, maana ofa ya kwanza ni chambo. Uliza pia nakala rudufu (bakapu) ya tovuti inachukuliwa kila siku au kila wiki. Kile cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti usikilipie. Shirika la Let's Encrypt wanakitoa bure.

Kabla ya kulipa, watumie swali Jumamosi saa tatu usiku. Wakijibu Jumatatu mchana, achana nao. Seva kuwa Ulaya isikutishe sana; mara nyingi kinachochelewesha ni picha za simu za megabaiti nne nne. Zipunguze kwanza.